Nusu mbili za kore moja zinatoa majibu tofauti: je, huu ni upendeleo wa sampuli?

Mchunguzi wa Makongolosi:

Habari za kazi, ndugu wajiolojia na mafundi wa maabara.

Ninasimamia uchorongaji wa utafutaji dhahabu katika eneo la Lupa, wilayani Chunya. Tunatumia mashine ya almasi inayotoa kore, yaani nguzo za mviringo za mwamba, za ukubwa wa NQ, na tunafuatilia mishipa ya kwarzi iliyomo ndani ya kanda za mwamba uliopondwa na kusagika. Dhahabu yetu ni ya punje kubwa, na mara kadhaa imeonekana kwa macho kwenye trei kabla hata kore haijaoshwa. Kila kore hukatwa katikati kwa msumeno. Nusu huenda maabara na nusu hubaki kwenye trei.

Hivi karibuni mwekezaji aliomba tupeleke maabara nusu zilizobaki za baadhi ya mita ili ajiridhishe na majibu ya awali. Mita moja ambayo nusu yake ya kwanza ilitoa gramu 11 kwa tani, nusu ya pili imetoa gramu 2. Nyingine ilitoa chini ya gramu 1, na nusu yake ya pili imerudi na gramu 6. Mwekezaji anasema sampuli zetu zina upendeleo. Mwenzangu anayeandika kumbukumbu za kore anasema tatizo ni la maabara, na anapendekeza kuanzia sasa tuwe tunapeleka ile nusu inayoonyesha dhahabu zaidi, kwa hoja kwamba hakuna faida ya kuacha dhahabu kwenye trei. Msimamizi wa mashine naye anashauri tusage kore nzima ili mjadala uishe.

Naomba kufahamishwa jinsi ya kutambua kama hapa kuna upendeleo wa kweli au ni tabia ya dhahabu yenyewe; nani anapaswa kuamua mstari wa kukata na nusu ya kupeleka; na kama gramu 50 zinazoyeyushwa na maabara zinatosha kwa dhahabu ya namna hii. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Trei:

Ndugu Mchunguzi, pole na kazi.

Tofauti ya gramu 11 na gramu 2 kati ya nusu mbili haitoshi peke yake kuitwa upendeleo. Upendeleo ni pale majibu yanapoegemea upande mmoja, juu au chini, kwa sababu kuna jambo ndani ya utaratibu wenu linaloyasukuma huko. Mtawanyiko ni jambo jingine: majibu yanaruka huku na huko bila kuegemea popote, na kadiri sampuli zinavyoongezeka wastani wake unatulia. Upendeleo hautulii hata mkichoronga mashimo mia, na ndiyo maana unaogopwa zaidi ijapokuwa hauonekani kwa urahisi.

Tupige hesabu ndogo. Kore ya NQ ina kipenyo cha milimita 47.6. Mita moja yake, kwa mwamba wa takribani gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, ina uzito wa kilo 4.8, hivyo nusu yake ni kilo 2.4. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo punje moja ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 1 ina uzito wa miligramu 10 hivi. Punje hiyo ikiangukia nusu ya kulia, jibu la nusu hiyo linapanda kwa zaidi ya gramu 4 kwa tani, na nusu ya kushoto haipati kitu. Punje mbili tu zinatosha kueleza tofauti yako ya gramu 11 na gramu 2, bila mkataji wala maabara kukosea popote. Kwa Lupa jambo hilo si la ajabu, kwa maana ni eneo ambalo wachimbaji wa miaka ya 1930 walifuata dhahabu ya mchangani, na dhahabu ya mchangani yenye punje za kushikika kwa kawaida haizaliwi na mishipa yenye dhahabu laini. Mngekuwa mnachoronga pale Geita Hill, ambako dhahabu imefungamana na pairiti (madini ya chuma na salfa) iliyokula miamba ya chuma yenye mistari, ningekuwa na maswali tofauti ya kuuliza.

Mkihamia HQ, yenye kipenyo cha milimita 63.5, nusu ya mita inafikia kilo 4.3, na punje ileile inasogeza jibu kwa gramu 2.4 tu. Kwa njia hiyo mtawanyiko unapungua, ila kama kuna upendeleo utabaki palepale.

Upendeleo wenyewe utautafuta kwenye meza ya kukatia. Mshipa unapoipita kore kwa mshazari, alama yake juu ya kore huwa duara lililovutwa, lenye ncha ya juu na ncha ya chini. Mstari wa kukata unapaswa kupita kwenye ncha hizo mbili, ili nusu moja iwe kama sura ya mwenzake kwenye kioo. Mkikata kwa kufuata upande mwingine, na hasa mshipa unapokaribia kulala sambamba na kore, nusu moja itabeba kwarzi karibu yote na nyingine itabaki na mwamba wa pembeni. Mshipa ukilala hivyo mita baada ya mita, na mkataji akawa na mazoea ya kukata kwa namna ileile, tayari mna upendeleo ambao hakuna maabara duniani itakayoweza kuurekebisha.

Kwa hiyo mstari achore mjiolojia, kwa kalamu ya nta, kabla trei haijafika kwenye msumeno. Mkataji akiachiwa uamuzi atakata pale kore inapokaa vizuri kwenye kishikio, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Ikiwa kore zenu zina mstari wa mwelekeo unaoonyesha upande wa chini wa shimo, kateni pembeni yake kidogo ili mstari huo ubaki kwenye nusu ya trei. Mtauhitaji siku ya kupima upya mwelekeo wa mishipa.

Kuhusu nusu ya kupeleka, wekeni kanuni moja isiyohitaji macho ya mtu: kwa mfano, ukiitazama kore kuelekea chini ya shimo, nusu ya kulia ndiyo inayokwenda maabara, iwe ina dhahabu inayong'aa au haina kitu. Pendekezo la mwenzako la kupeleka nusu inayoonyesha dhahabu zaidi lingepandisha majibu ya mradi mzima kwa kiasi ambacho hakuna atakayeweza kukijua baadaye. Upande wa pili upo pia: kuna kambi ambako nusu nzuri hubakizwa kwenye trei ili ionyeshwe wageni, na hapo wastani unashuka kimyakimya.

Binti wa Takwimu:

Ninakubaliana na Mzee wa Trei, lakini kuna swali ambalo halijaulizwa: mita zilizorudiwa zilichaguliwa kwa kigezo gani, na zilichaguliwa kabla au baada ya majibu ya kwanza kujulikana?

Nauliza kwa sababu mita iliyotoa jibu kubwa, kwa sehemu, imelitoa kwa kuwa punje ziliangukia ile nusu iliyopelekwa. Ukichukua mita zenye majibu makubwa pekee na kupeleka nusu zake za pili, kwa wastani majibu yatashuka, hata kama utaratibu wenu ni safi kabisa. Ukichukua mita za ndani ya mshipa zilizotoa majibu madogo tu, nusu zake za pili kwa wastani zitapanda. Mifano miwili uliyoitaja inafuata tabia hiyo barabara: gramu 11 imeshuka, na ile ya chini ya gramu 1 imepanda. Kwa hiyo zoezi la mwekezaji, kama lilichagua mita kwa kutazama majibu, haliwezi kuthibitisha wala kukanusha upendeleo wowote.

Sampuli pacha, yaani mita ambazo nusu zake zote mbili zitapimwa, zinapaswa kupangwa kabla ya kukata, kwenye orodha, kwa mfano sampuli moja kati ya kila 20, na sehemu kubwa yake iwe ndani ya ukanda wenye madini, kwa sababu pacha za mwamba mkavu zinakubaliana daima na hazifundishi kitu. Mkishapata pacha 30 hivi za ndani ya ukanda, hesabuni ni mara ngapi nusu ya kulia imeizidi ya kushoto. Ikiwa ni mara 13 au 17, tofauti hiyo inatokana na bahati. Ikiwa ni mara 24, rudini kwenye meza ya kukatia na kwenye mistari ya mjiolojia. Hesabu hii haihitaji programu yoyote, na haisumbuliwi na jibu moja kubwa kupita kiasi, tofauti na kulinganisha wastani.

Jambo la pili ni namna majibu yanavyojipanga. Tuseme nusu za kore za mshipa wenu zina wastani wa punje kubwa moja kila moja. Kwa bahati tupu, takribani asilimia 37 ya nusu hizo hazitakuwa na punje hata moja, na asilimia 26 hivi zitakuwa na punje mbili au zaidi. Mtapata majibu mengi madogo na machache makubwa sana, na wastani wa kweli utategemea hayo machache. Mtu anayeyafuta yale makubwa kwa kuyaita makosa anashusha wastani wa mwamba. Mtu anayerudia yale madogo hadi yapande, kisha akahifadhi jibu la juu pekee, anaupandisha. Sampuli ikipimwa mara mbili kwa njia ileile na uzito uleule, majibu yote mawili yanaingia kwenye hifadhidata na wastani wake ndio unaotumika, hata kama jibu la pili halikupendeza. Kupunguza uzito wa majibu makubwa wakati wa kukadiria hazina ya mwamba ni kazi halali, lakini ifanywe hadharani na mkadiriaji na isifanywe kambini na mwandishi wa kumbukumbu.

Nimalizie na robo za kore. Wengi hukata nusu iliyobaki katikati na kupeleka robo kama pacha, ili kitu kibaki kwenye trei. Robo ina uzito wa nusu ya nusu, hivyo mtawanyiko wake ni mkubwa zaidi, na kuilinganisha na nusu kana kwamba ni sawa kunawatia watu hofu isiyo na sababu. Kama lazima mtumie robo, linganisheni robo kwa robo.

Msimamizi wa Mgodi:

Naomba kutetea kidogo hoja ya msimamizi wa mashine, kwa sababu naona inaelekea kupuuzwa. Kusaga kore nzima kunaondoa kabisa swali la nusu ipi na mstari upi, na kunaongeza uzito wa sampuli mara mbili. Chini ya ardhi, mashimo mafupi ya kuongoza uchimbaji, ambayo mara nyingi huwa na kore nyembamba za BQ, husagwa yote kwa utaratibu wa kawaida, na hakuna anayeona vibaya. Kwa dhahabu ya punje kubwa, uzito ni jambo la msingi. Mfaransa Pierre Gy, ambaye nadharia yake ya sampuli ndiyo tunayoitegemea wote, alionyesha kwamba mtawanyiko unakua kwa mchemraba wa ukubwa wa vipande na kupungua kadiri uzito unavyoongezeka. Kwa nini basi tuache nusu ya ushahidi kwenye rafu?

Mzee wa Trei:

Ndugu Msimamizi, kwa mashimo ya mgodini ninakuunga mkono bila kigugumizi, kwa sababu pale mwamba wenyewe utachimbwa mwezi ujao na ukweli utajulikana kinuni. Katika utafutaji hali ni tofauti. Huko Busang, Kalimantan Mashariki nchini Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Kanada ilikuwa ikisaga kore karibu nzima na kubakiza vipande vifupi tu. Sampuli zilikuwa zikichanganywa na dhahabu iliyotoka kwingine, na kwa kuwa hapakuwa na nusu za kurudia, hakuna mtu wa nje aliyeweza kuhakikisha chochote kwa kufungua trei. Ilibidi Freeport-McMoRan ichoronge mashimo mapya kando ya yale ya zamani, na Machi 1997 ikatangaza kwamba haikukuta dhahabu ya maana. Ukaguzi huru wa kampuni ya Strathcona ulilithibitisha hilo Mei mwaka huohuo. Leo mwekezaji yeyote makini ataanza kuuliza maswali mara tu atakapokuta trei tupu.

Hata hivyo kuna njia ya kati. Mkichoronga kwa HQ au PQ, ambayo ni nene zaidi, nusu moja inatosha kwa uzito. Na pale penye haja ya kupeleka nusu ya pili kama pacha, pigeni picha za kore ikiwa kavu na ikiwa mbichi kabla ya kukata, bakizeni kipande kifupi cha mfano, na mwiombe maabara irudishe mabaki yaliyovunjwavunjwa ambayo hayakusagwa kuwa unga. Mwongozo wa JORC wa Australia wa kuripoti majibu ya utafutaji madini, toleo la 2012, katika Jedwali la 1, haukatazi kore nzima; unawataka mseme wazi kama mlichukua robo, nusu au yote, na kwa nini.

Fundi wa Tanuri:

Nimefanya kazi ya kuandaa na kupima sampuli kwa muda mrefu Kanda ya Ziwa, hivyo nijibu swali la gramu 50.

Kwa kawaida kilo zenu 2.4 hukaushwa, huvunjwa hadi sehemu kubwa ipite kwenye chekeche la milimita 2, kisha hugawanywa na kubaki kilo moja hivi, ambayo husagwa hadi asilimia 85 ipite kwenye mikroni 75. Katika unga huo huchotwa gramu 30 au 50 za kuyeyushwa pamoja na madini ya risasi kwenye tanuri. Tatizo ni kwamba dhahabu haisagiki kama mwamba. Ni laini na inanyumbulika, hivyo kwenye kinu hubapa na kujikunja badala ya kuvunjika. Punje ya mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ikiingia kwenye gramu 50, inapandisha jibu kwa gramu 0.2 kwa tani, jambo linalovumilika. Punje ya mikroni 300 inalipandisha kwa gramu 5.5. Kwa hiyo hata mkikata kore kwa ustadi wote alioueleza Mzee wa Trei, kijiko cha mwisho kinaweza kuwarudisha mlikotoka.

Kwa dhahabu yenu ningeshauri upimaji wa kuchekecha. Kilo nzima ya unga hupitishwa kwenye chekeche la mikroni 106 au 75. Kinachobaki juu huyeyushwa chote, kilichopita chini hupimwa mara mbili, kisha majibu huunganishwa kwa kuzingatia uzito wa kila sehemu. Faida yake ya ziada ni kwamba mtaona ni kiasi gani cha dhahabu kinakaa kwenye punje kubwa, na hapo mabishano yenu ya kambini yatapata takwimu. Njia nyingine ni kuyeyusha dhahabu kwa sianidi ndani ya chupa inayozungushwa, kwa kilo moja au zaidi, mradi mabaki nayo yapimwe, kwa sababu dhahabu iliyofungiwa ndani ya pairiti haitayeyuka. Siku hizi upo pia upimaji wa fotoni, unaotumia chombo cha nusu kilo hivi cha mwamba uliovunjwa bila kusagwa kuwa unga. Mara nyingi njia hizi ni ghali kuliko gramu 50 za kawaida, kwa hiyo watu wengi huzitumia ndani ya ukanda wa mshipa tu. Hilo halina ubaya, ila mipaka ya ukanda iwekwe kwa kumbukumbu za mwamba kabla ya majibu, isije ikawa mnachagua njia bora kwa mita zilizokwisha kung'aa.

Kisha kuna uambukizo, ambao ni upendeleo wa kupanda juu. Dhahabu hujipaka kwenye kuta za kinu na kwenye meno ya karasha, ile mashine ya kuvunja mawe. Mkiona dhahabu kwa macho katika sampuli, andikeni kwenye fomu, nasi tutapitisha kwarzi tupu, isiyo na dhahabu, kwenye kinu baada yake. Mwombe pia hiyo kwarzi ipimwe. Sampuli tupu mnazotutumia ziwe za mawe, siyo unga uliofungwa tayari kwenye pakiti. Unga haupiti kwenye karasha wala kinu bali huingia moja kwa moja kwenye tanuri, hivyo hauwezi kuonyesha uchafu unaotokea kwenye maandalizi. Ziwekeni mara baada ya sampuli yenye dhahabu inayoonekana, wala msizitawanye kwa idadi tu. Na huko kwenu, kila mara baada ya kukata kipande chenye dhahabu, mkataji akate tofali ili kusafisha meno ya msumeno.

Sampuli za rejea, zile ambazo kiwango chake cha dhahabu kinajulikana, zinapima tanuri letu tu. Nimeona ripoti nyingi zinazojivunia sampuli za rejea kana kwamba zinathibitisha kore ilikatwa vizuri. Hazithibitishi.

Mchunguzi wa Makongolosi:

Nawashukuru sana wote. Nimemuuliza mwekezaji, naye amekiri kwamba mita alizichagua kwa kutazama jedwali la majibu, hivyo Binti wa Takwimu amegusa penyewe.

Lipo jambo jingine sikulieleza mwanzoni. Sehemu kubwa ya mishipa yetu imo ndani ya mwamba uliopondwa sana, na karibu na juu umegeuka kuwa udongo. Kore inatoka vipandevipande, na mara nyingine kwenye mkupuo, yaani hatua moja ya kuchoronga, wa mita moja na nusu tunapata mita moja tu. Sehemu hizo hatuzipitishi kwenye msumeno. Mfanyakazi huchota kwa mkono kiasi kinachokaribia nusu. Je, hapo pia kuna upendeleo?

Mzee wa Trei:

Hapo ndipo ningeanza, na ungelitaja mapema tungeokoa maneno mengi.

Nusu mita iliyopotea haikupotea kwa bahati. Kinachochukuliwa na maji ya kuchorongea ni sehemu laini na iliyovunjika, na katika ukanda wa mpasuko hiyo ndiyo mara nyingi hubeba dhahabu. Vipande vigumu vya kwarzi na mwamba wa pembeni ndivyo vinavyobaki kwenye bomba. Inaweza pia kuwa kinyume chake, udongo tupu ukaoshwa na kwarzi yenye dhahabu ikabaki. Huwezi kujua kwa kukisia. Kwa kila mkupuo andika urefu uliochorongwa na urefu wa kore iliyopatikana, kisha chora mchoro mmoja tu: asilimia ya kore iliyopatikana upande mmoja, gramu kwa tani upande wa pili. Kama gramu zinashuka au kupanda kadiri upatikanaji unavyopungua, majibu ya sehemu hizo hayafai kuchanganywa na mengine bila maelezo. Swali hilo nalo limo kwenye Jedwali la 1 la JORC.

Dawa yenyewe iko kwa mchorongaji, kwenye mikupuo mifupi, bomba lenye mirija mitatu, dawa za kushikilia udongo na mwendo wa pole. Mchorongaji anayelipwa kwa mita hukimbiza mita. Mkataba wenu useme wazi kwamba ndani ya ukanda wenye madini malipo yanategemea pia kore iliyopatikana, na mtashangaa mwamba mbovu utakavyokuwa mwema.

Kuchota kwa mkono kunapaswa kukoma leo. Mkono huchukua vipande vikubwa na kuacha vumbi chini ya trei, na dhahabu nzito hupenda kukaa kwenye vumbi hilo. Udongo laini ukatwe kwa kisu kipana ukiwa bado mbichi. Vipande vilivyovunjika vitenganishwe kwa kuweka bati jembamba katikati ya mfereji wa trei kwa urefu wote, kisha kila kitu kilicho upande wa kulia, pamoja na vumbi lake, kikusanywe kwa kikoleo chembamba. Pale ambapo hata hilo haliwezekani, hapo namkubalia Ndugu Msimamizi: chukueni mkupuo wote, pigeni picha, na muandike kwamba ni kore nzima. Wala msioshe trei za ukanda huo kwa maji ya nguvu.

Msimamizi wa Mgodi:

Niongeze mawili kwa ufupi. Kwanza, hakikisheni shimo linaukata mshipa kwa pembe kubwa iwezekanavyo. Shimo linaloshuka sambamba na mshipa litatoa mita nyingi za kuvutia, na hakuna ukataji utakaorekebisha hilo. Pili, sampuli zianze na kuishia kwenye mipaka ya mwamba, zisipungue sentimita 30 wala kuvuka mpaka wa mshipa, na mwendelee kuchukua mita kadhaa za mwamba wa pembeni kila upande. Mita ambazo hazikupimwa zisiachwe wazi kwenye hifadhidata, kwa sababu programu nyingi huzichukulia kana kwamba hazipo, na wastani wa shimo unapanda bila sababu.

Mchunguzi wa Makongolosi:

Nimeelewa. Swali la mwisho: mashimo ya mwanzo yalikatwa bila kanuni ya upande, na kumbukumbu hazisemi ni nusu ipi iliyokwenda maabara. Tuyatupe majibu yake?

Binti wa Takwimu:

Msiyatupe. Yawekeeni alama kwenye hifadhidata kwamba upande wa sampuli haujulikani. Kisha chagueni kwa bahati nasibu, bila kutazama majibu, mita za ndani ya ukanda kutoka mashimo hayo, zisipungue 30, na mpeleke nusu zilizobaki kwenye maabara ileile kwa njia ileile ya upimaji. Kama nusu za trei zitaegemea chini mara nyingi mno, mtajua kwamba mtu alikuwa akichagua nusu iliyong'aa, na mkadiriaji ataamua kama mashimo hayo yaingie kwenye hesabu au yachorongwe upya kando yake. Picha za kore kabla ya kukatwa, kama zipo, zitasaidia kuonyesha mahali mshipa ulipokuwa.

Na orodha ya bahati nasibu asiitengeneze yule mwenzako mwenye pendekezo la nusu nzuri.

Mchunguzi wa Makongolosi:

Nitaitengeneza mwenyewe, na nakala yake nitamtumia mwekezaji kabla trei ya kwanza haijafunguliwa.

Fundi wa Tanuri:

Mkituletea nusu hizo, zipeni namba mpya zisizofuatana na zile za zamani, na zichanganyeni na sampuli za kawaida za shimo jipya. Tusijue ni zipi.